Januari Singidani, Jumapili Bahi

Januari na Februari ndiyo miezi ya ndege wa maji huku Kanda ya Kati, na natamani watu wengi zaidi wa Dodoma na Singida walijue hilo. Wakati huo Ulaya na Siberia ni baridi tupu. Madimbwi yameganda, wadudu wamekufa au wamejificha, mchana ni mfupi mno hata ndege mwenye bidii hawezi kushiba. Ndege waliotaga huko mwezi wa sita wameshashuka kusini zamani, na sehemu yao wako kwetu, wanachokonoa tope la Ziwa Singidani na majaruba ya mpunga ya Bahi. Wenye nafasi husafiri mpaka Bagamoyo au Tanga kuwatazama ufukweni maji yakipwa. Lakini anachotafuta ndege ni tope laini, maji ya kina kifupi na vidudu vya kutosha, na ziwa la magadi lisilo na mto wa kutokea linampa vyote hivyo bila hata kungoja maji kupwa.

Mwaka huu tulikwenda kwa kundi, wikiendi moja ya Januari. Mwezi tuliuchagua kwa makusudi. Sensa ya kimataifa ya ndege wa maji, iliyoanza 1967 na kuingia Afrika 1991, hufanyika Januari kwa sababu ndege wengi wanaohama huwa wametulia mahali pamoja. Hawaji wala hawaondoki. Sisi hatukuwa na kazi rasmi ya kuhesabu. Tulitaka kujifunza jinsi inavyofanyika, ili siku tukihitajika tuwe watu wa kutegemewa.

Kundi lenyewe ni la watu wa Dodoma wanaofahamiana tu: mwalimu wa biolojia wa sekondari, dada mmoja muuguzi, vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Dodoma, Mzee wetu aliyestaafu reli, na mimi ninayeuza vifaa vya ujenzi pale Majengo. Mzee ndiye aliyetuingiza wote katika mambo haya. Alifanya kazi Reli ya Kati miaka mingi, na ndege aliwajifunza vituoni, akisubiri treni iliyochelewa. Anasema hakuna kazi inayompa mtu muda wa kutazama angani kama ile.

Tulikodi Noah, tukachanga mafuta na chakula, tukaondoka Ijumaa mchana. Kutoka Dodoma mpaka Singida ni kama kilomita 240 za lami. Tulipopita Bahi tuliona maji yakimetameta upande wa bonde, vijana wakataka tusimame. Mzee akakataa, Bahi tutaifanya Jumapili wakati wa kurudi. Tukapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, tukafika Singida giza limeshaingia, upepo unavuma kama kawaida ya mji ule. Singida iko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la Dodoma atashukuru kama alibeba koti. Mama mwenye nyumba ya wageni alituuliza kama tumekuja mkutanoni. Tulipomwambia tumekuja kutazama ndege aliitikia kwa utulivu kabisa: "Basi amkeni mapema. Wapo wengi pale chini."

Saa moja asubuhi tulikuwa ukingoni mwa ziwa, jua likiwa mgongoni. Hilo la jua ni la kwanza kwa yeyote anayeanza. Ukilitazama jua usoni, kila ndege ni kivuli cheusi na utabaki kubahatisha. La pili ni saa. Kufika saa nne hivi ardhi imepata moto, mazigazi yanaanza kucheza juu ya maji, na ndege aliye mbali anatetemeka kwenye lenzi mpaka miguu yake huioni tena. Kwa hiyo kazi yote ya maana inafanyika kabla ya chai ya saa nne. Tulikuwa na darubini tatu za mkononi na moja ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, ambayo upepo wa Singida uliitikisa vibaya mpaka tulipoishusha chini kabisa na kuining'inizia mfuko wa mawe katikati. Baada ya hapo ilitulia.

Sasa, kanuni ya Mzee. Ninaiandika kwa urefu kwa sababu imebadilisha namna ninavyotazama, hata dukani.

Mzee hamruhusu mtu yeyote kutaja jina la ndege mpaka kila mmoja awe amesema alichokiona. Mwanzoni ilituudhi. Mwalimu anakijua kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki karibu kwa moyo, na jina huwa limeshamfika mdomoni kabla sisi hatujainua darubini. Asubuhi ile mbele yetu kulikuwa na ndege wa kahawia, wa wastani, kwenye majani mafupi ya ukingoni. Mwalimu akafungua mdomo. Mzee akanyoosha mkono: "Subiri, Mwalimu. Dada, wewe umeona nini?"

Dada akasema shingo ndefu kidogo, kichwa kidogo kwa mwili ule. Kijana mmoja akasema mgongo una magamba, kila unyoya una ukingo mweupe. Mwenzake akasema miguu ni ya rangi ya chungwa. Mimi niliona ya kijani, na nilikuwa na hakika. Tukabishana hapo. Mzee akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: tunamtazama ndege mmoja kweli? Tulipotazama upya tukakuta wapo wengi, na mmoja kati yao ni mkubwa kuliko wenzake waziwazi, kiasi kwamba mtu angeapa ni wa aina nyingine. Kisha mwewe akapita juu, wakaruka wote pamoja, na kila mmoja alionyesha vipande viwili vyeupe vyenye umbo la yai ubavuni mwa mkia. Hapo ndipo Mwalimu alipopewa ruhusa. Walikuwa Calidris pugnax, kwa jina la kitaalamu. Dume ni mkubwa kuliko jike kwa kiasi kikubwa, na miguu hutofautiana rangi toka ndege hadi ndege. Sisi sote tulikuwa tumeona sawa.

Mwalimu mwenyewe alisema baadaye, tukiwa mezani, kwamba angelitaja jina mapema sote tungeacha kutazama. Ndivyo ilivyo. Jina likishatajwa na mtu anayeheshimika, macho ya wengine yanafunga duka. Nimeona jambo hilohilo kwenye vikao vya wazazi, kwenye kamati, hata hospitalini pale ambapo ndugu mkubwa akishasema ni malaria hakuna tena anayemsikiliza mgonjwa. Kumtaka aliye mdogo aseme kwanza ni utaratibu mzuri mno, na sijui kwa nini hatuutumii mahali pengi zaidi.

Kuhusu ndege huyo, kuna jambo linanigusa. Kwao kaskazini, msimu wa kutaga, madume huota kola kubwa ya manyoya shingoni, nyeusi au nyeupe au nyekundu ya udongo, hukusanyika uwanjani kugombana na kujionyesha mbele ya majike. Anayewajua kwa picha za vitabuni hawezi kuwatambua Singida. Kwetu wanakuja na nguo za safari. Vivyo hivyo kwa wenzao wenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, Calidris ferruginea: huko Siberia kifuani wana wekundu wa tofali, kwetu Januari ni kijivu tu. Ukitaka kuona rangi ikirudi, njoo mwishoni mwa Machi au Aprili, siku chache kabla hawajaondoka. Utawakuta wamebadilika nusu, madoa mekundu yamepenya kwenye ukijivu.

Baada ya hapo tulikaa. Kuna kundi nililowahi kwenda nalo huko nyuma ambalo kazi yake ilikuwa kukimbia toka kona hadi kona kuongeza orodha. Mzee haendi hivyo. Alitandika kanga ya mkewe juu ya jiwe, akakaa, na sote tukakaa, mpaka jua lilipotuinua.

Ukikaa muda wa kutosha kwenye ziwa la namna ile unaanza kuona kwamba ndege wamegawana maji. Kavu kabisa, kwenye tope lililoanza kupasuka, ni vitwitwi wa mdomo mfupi wanaokimbia hatua chache, wanasimama ghafla, wanadonoa, wanakimbia tena. Hao wanawinda kwa macho. Pale tope linapong'aa kwa unyevu ni vitwitwi wadogo kuliko wote, Calidris minuta, vichwa chini muda wote, wanadonoa haraka kama cherehani. Mmoja wa hao ana uzito usiozidi gramu 30, na alizaliwa kwenye uwanda wa barafu kaskazini kabisa mwa Ulaya au Siberia. Wakiingia maji ya kifundo cha mguu unakutana na wale wa mdomo uliopinda, wanaochoma tope kwa kulipapasa. Mbele kidogo anasimama ndege mweusi na mweupe mwenye miguu mirefu myekundu kupita kiasi, Himantopus himantopus, anayeokota kitu kimojakimoja juu ya maji kwa adabu. Karibu naye yuko yule mwingine mweusi na mweupe ambaye mdomo wake umepinda kwenda juu, Recurvirostra avosetta, anaufyeka mdomo ndani ya maji kulia na kushoto. Halafu ndani zaidi, heroe, yaani flamingo.

Urefu wa mguu unaamua utasimama wapi, urefu wa mdomo unaamua utafika wapi, na wanaotumia macho hawagombani na wanaotumia ncha ya mdomo kupapasa. Kijana mmoja alichora mchoro wa ukingo wa ziwa kwenye daftari, akaweka kila ndege mahali pake na kina cha maji chini yake. Mchoro huo ulitufundisha kuliko orodha. Maana yake pia ni kwamba maji yakipanda kidogo tu, kwa kipimo cha kiganja, vitwitwi wadogo hawana pa kula, na yakishuka wenye miguu mirefu wanasogea mbali. Ukifika siku moja ukakuta hakuna vitwitwi, usiseme wametoweka. Tazama maji kwanza.

Heroe wa Singida wengi ni wale wa aina ndogo, wenye mdomo wa rangi ya damu ya mzee. Yule wa aina kubwa ni mweupe zaidi na mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Yule mdogo hula mimea ya hadubini inayoota kwenye maji ya magadi, ndiyo hiyo hiyo inayompa rangi yake, na kuipata anageuza kichwa juu chini na kuyachuja maji kwa kingo za mdomo zilizo kama chujio. Fikiria ni kiasi gani cha maji lazima kipite mdomoni ili chakula kisichoonekana kwa macho kimshibishe ndege mwenye urefu wa karibu mita moja. Ndiyo maana hula saa nyingi mno za siku, na ndiyo maana kumfukuza kunamgharimu.

Hapo tulikwaruzana. Kijana wetu mwenye kamera alitaka picha ya heroe wakiruka, kwa sababu ndipo wekundu wa mabawa unapoonekana wote. Akaanza kusogea ukingoni. Mzee akamwita.

"Mwanangu, rudi."

"Mzee, hatua chache tu. Wako mbali."

"Tazama vichwa vyao."

Tukatazama. Wote waliokuwa wameinama sasa walikuwa wameinuka, shingo juu, na kundi zima lilianza kutembea kuelekea upande mmoja, wamebanana. Hawakuwa wameruka bado, ila walikuwa wameshaacha kula. Mzee akaeleza kwamba watu hudhani usumbufu unaanza ndege anaporuka, kumbe unaanza kichwa kinapoinuka. Kijana hakufurahi, na alisema wazi kwamba wengine huja na magari mpaka ukingoni wakawarusha kwa honi, kwa hiyo yeye kusogea kidogo kutabadilisha nini. Ni hoja niliyoielewa. Dada ndiye aliyemjibu, kwa upole: "Mdogo wangu, hao wa honi watakuja mchana. Asubuhi hii wana sisi tu." Kijana akakaa chini alipokuwa, juu ya tope, kamera mapajani. Hakuna aliyemsema zaidi. Baada ya muda vichwa vilishuka kimoja kimoja, kundi likalegea, likaanza kurudi kwa kula, na akapata picha za heroe wanaochuja, maji yakidondoka mdomoni. Za kuruka hakupata.

Tangu hapo tumefanya vichwa kuwa kipimo chetu. Hatutumii mita. Vichwa viwili vitatu vikiinuka tunasimama, vikiwa vingi tunarudi nyuma.

Kuhesabu ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo niliyoipenda zaidi. Njia ni hii: unahesabu kumi, mmoja mmoja. Unalishikisha jicho ukubwa wa fungu hilo la kumi. Unapima mafungu kumi ili upate mia, kisha unalitembeza fungu la mia juu ya kundi zima kama unavyopima uzio kwa fimbo. Maneno yake ni mepesi. Lakini katikati ya kundi ndege wamesongana kuliko pembeni, walio nyuma wamefichwa na walio mbele, na kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo macho yanavyopunguza.

Mzee alitutaka kila mtu aandike idadi yake kwenye karatasi bila kusema kitu. Dada alihesabu kwa tasbihi, kila punje heroe kumi. Tulipofunua, wa chini kabisa alikuwa ameandika mia tatu na kitu, wa juu karibu mia saba. Ziwa moja, kundi moja, dakika zilezile. Mwalimu alitaka tuchukue wastani. Mzee akakataa, na hapa nakubaliana naye kabisa: wastani wa makadirio yasiyochunguzwa unaficha tu tofauti. Tukaligawa ziwa kwa mawe makubwa yanayoonekana ng'ambo, kutoka jiwe hadi jiwe kipande kimoja, tukahesabu kila kipande peke yake, wawili wawili, mmoja akitazama na mwingine akiandika, kisha wakabadilishana. Safari hii tulikaribiana, kama mia tano. Tukaandika pia saa, upepo, mahali tuliposimama na kina cha maji kilivyoonekana, kwa sababu idadi isiyo na maelezo hayo mwakani haitamsaidia mtu.

Na tuliandika "hakuna". Mwari hatukumwona, tukaandika hakuna. Kijana alidhani ni kupoteza wino. Lakini mtu atakayelinganisha miaka kumi baadaye anahitaji kujua kama hakukuwa na mwari, au kulikuwa naye na hakuna aliyejali kuandika.

Alitujia kijana mdogo aliyekuwa akichunga mbuzi, akasalimia wote mmoja mmoja, shikamoo kwa Mzee, shikamoo kwa Mwalimu. Tukampa darubini. Alitazama muda mrefu bila kusema, kisha akatuambia kwamba heroe hawa si wa kukaa. Usiku mwingine wanapita juu ya nyumba wakilia, asubuhi yake ziwa ni tupu. Hiyo ni kweli ya vitabuni kabisa: heroe huhama usiku, kutoka ziwa moja la magadi hadi jingine, na kutaga kwao kwa uhakika Afrika Mashariki ni Ziwa Natron peke yake. Mwalimu akaanza kumuuliza majina. Mzee yeye alimuuliza maji: yalifika wapi mwaka jana, yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa, mbuzi wanapita wapi yakijaa. Majibu yakamwagika. Alituonyesha mstari kwenye mawe ambao sisi tungeupita mara mia. Tangu siku hiyo, nikifika kwenye maji yoyote, swali langu la kwanza kwa mwenyeji ni hilo la maji.

Nitasema kidogo kuhusu ukingo wenyewe, kwa kuwa linaniuma. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019 na imepungua kweli, ila chupa zipo, zimerundikana pale upepo unapozisukumia, na hapo ndipo vitwitwi wanapotaka kula. Tanzania ina maeneo oevu manne yaliyo kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa maeneo oevu, Natron ikiwa mojawapo. Maziwa ya Singida hayamo. Yapo mjini, mtu anashuka kwa miguu kutoka sokoni. Mimi hilo silioni kama ubaya. Ziwa linaloonekana na watu elfu kila siku lina walinzi elfu, wakishaambiwa kilichomo. Tuliokota chupa tulizoweza kubeba.

Jioni tulikula kuku wa Singida kwa ugali wa uwele, na sifa zake zote ni za kweli.

Jumapili Bahi ilikuwa kitu kingine. Singidani ni uwazi na magadi; Bahi ni maji baridi, tope jeusi linalovuta kiatu, majaruba, yangeyange kila mahali, na watu kazini. Mto Bubu unalimwagia bonde hilo maji kutoka upande wa Kondoa, na mwaka wa mvua nzuri kunakuwa na kambale na perege wa kutosha. Mzee alisimulia jinsi walivyoliona bonde kutoka dirishani mwa treni wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, lilivyokuwa bahari.

Mama mmoja aliyekuwa akipandikiza mpunga alituona tumeinua darubini, akanyoosha mgongo. Tulimsalimia, Mzee akampa "mbukwenyi" ya Kigogo, akacheka na kuitikia. Kisha akauliza tunatazama nini. Tukamwambia. Akasema, "Hao weupe hawana neno. Kwelea je? Mnawapenda na hao?"

Hakuna aliyejibu haraka. Kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi na hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Si kitu. Kundi la milioni moja ni tani 10 kwa siku, na makundi ya ukubwa huo, na zaidi, yanafika huku. Mwezi wa nne na wa tano, mpunga na uwele vikianza kujaza punje, familia nzima inahamia shambani: watoto kwenye dungu, kombeo mkononi, makopo yamefungwa kamba, kelele kutoka alfajiri hadi magharibi. Mama yule alisema kuna mwaka mwanawe alikosa shule majuma kadhaa kwa kuamia ndege, na bado walivuna nusu.

Serikali hupeleka ndege ya kupulizia dawa kwenye malalo yao jioni wanaporudi kulala. Dawa inayotumika, fenthioni, inaua kwelea, na inaua pia bundi, mwewe na korongo wanaokula waliokufa au wanaolala miti ileile. Dada muuguzi aliuliza kama watu huokota kwelea waliopuliziwa wakala. Mama akanyamaza kidogo, akasema wapo. Dada akachuchumaa pale pale kwenye tuta, akamweleza taratibu kwa nini ni hatari, hasa kwa watoto, na dalili gani zikionekana mtu akimbizwe kituo cha afya: jasho, mate mengi, kutapika, kupumua kwa shida. Hayo ndiyo mazungumzo ya maana kuliko yote ya wikiendi ile, na hayakuwa kwenye ratiba.

Kule Kondoa wakulima huwatega kwelea kwa vikapu na nyavu, wanawala na kuwauza, na ni kitoweo kizuri. Mimi naona huko ndiko kwa kuanzia: kutega kwanza, dawa iwe ya mwisho. Nyavu haziui bundi, na nyama inabaki kijijini. Haiwezi kumaliza kundi la mamilioni, hilo nalikubali, na sitamwambia mama anayepoteza nusu ya mavuno asubiri. Lakini malalo yakigunduliwa mapema, yangali madogo, kutega kunatosha zaidi. Na kuona malalo mapema ni kazi ambayo watu wenye darubini na daftari wanaiweza. Tulichukua namba ya simu ya mama yule, naye akachukua ya Mwalimu, tukakubaliana kwamba tukiona makundi yakikusanyika kwenye matete au miiba upande wowote wa bonde, yeye ajue, na bwana shamba wa kata ajue, siku hiyo hiyo.

Vijana walimuuliza tuje lini tena. Akatuambia mwezi wa tano, tulale hapo hapo, kazi inaanza kabla ya jua na kila dungu linahitaji mtu. Mzee ameshaomba dungu la karibu na reli.